Kidole Gumba cha Mpima Maziwa

Mpima maziwa wa ushirika wetu kule Londiani, tuliyemwita Daktari, hakuamini macho wala pua. Kila asubuhi alifungua mkebe, akaingiza kidole gumba ndani ya shingo yake, akasugua polepole huku amefumba macho kama mtu anayesikiliza. Akihisi utelezi, alikibana kidole hicho na cha pili, kisha akaviachanisha, na uzi mwembamba wa ute ukavutika katikati. "Ute huu ni maji, sukari, protini kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Bakteria wanautoa mwilini, wanajifunika nao. Sabuni haiwafikii." Akapangusa kidole kwenye koti lake jeupe, na maziwa yako yakarudi nyumbani.

Wiki moja ya mwaka wa tisini na sita, maziwa ya watu wengi yalirudi. Siku ya Ijumaa, jirani yangu Janeffer, wa mwisho kwenye foleni, alileta mkebe mpya.

"Daktari, hii nimenunua jana. Hata karatasi ya duka bado iko."

"Tutaona, mama."

Akaingiza kidole. Kikatoka na uzi. Hakuutazama mkebe, alikitazama kidole chake, muda mrefu. Sisi wengine tukageukia mikebe yetu, ambayo yote alikuwa ameshaipapasa.