Hodi kwa Nyuki wa Bibi Ana

Usiku ule tuliorudi kutoka kumzika Bibi Ana, nilijitupa kitandani na nguo zangu za kazi. Hata usingizi haujanikolea, yeye huyo, kasimama mlangoni. Nilikuwa namtunza bibi huyu mwenye asili ya Kijerumani, huko Pensilvania, Marekani, mimi binti wa Tabora niliyeishia darasa la saba. Alipokuwa hai hakunipenda sana. Alipokufa ndiyo kabisa.

"Amka, mcheka ovyo wewe!"

Kiswahili safi, sijui alikitoa wapi. Nikafurahi kumwona. "Shikamoo, Bibi." 

Ananishika mkono, vidole vya baridi, na sakafu ya chumba inakuwa mbao za gati. Watu wanashuka melini, wamekonda, wananuka bahari. Ndio mababu zake, waliokuja Marekani ikingali koloni la Waingereza. Wamebeba mizinga iliyosukwa kwa majani makavu, imefunikwa shuka, ndani nyuki wanavuma. Waingereza wamejipanga pembeni, wanawazomea.

"Vichwa kabichi hao! Rudini kwenu!"

"Waache wacheke," Bibi anasema. "Kesho watakuja kutaka magari yetu ya farasi, na majiko yetu ya chuma, na kabichi hiyo hiyo."

Nikacheka. Wale wafu wote wakageuka, wake kwa waume, wakanitazama, na halikuwapo hata jicho moja lililonitaka pale.

Gati halipo tena. Tuko nyuma ya nyumba, kwenye mizinga yake, mchana kweupe, na nyuki wanatoka makundi kwa makundi, wanahama. Nawakimbilia na kanga yangu, nawasihi, hawanisikii.

"Kwetu," Bibi anasema, "mwenye nyumba akifa, mtoto wake huja hapa akapiga hodi, akawaambia nyuki. Wasipoambiwa huhama, au hufa. Nani amewaambia?"

"Nitawaambia mimi, Bibi. Sasa hivi."

"Wewe nani? Mgeni tu wewe." Neno lile likanichoma. "Aje Yakobo. Mwanangu kapokea pole za watu, kamuuzia jirani mizinga yangu, na hajatamka hata mara moja kwamba mama yake amekufa."

"Hatanisikiliza, Bibi. Jana kanifokea mbele za watu."

"Basi na akufokee tena."

Akanisukuma kifuani. Nikaamka nahema.

Kumekucha. Nje, gari la mizigo la Yakobo linanguruma. Nikatoka mbio, pekupeku, juu ya nyasi zenye barafu. Alikuwa ameshaukumbatia mzinga wa kwanza.

"Usinianze asubuhi hii!" akafoka.

"Kaka Yakobo, mama yako kanituma. Uweke chini. Wapigie hodi, uwaambie."

"Niwaambie nini?"

 Nilisimama pale, meno yakigongana kwa baridi, mpaka akauweka chini.