Siku Nzilani Alipopimwa kwa Saa

"Mfuko wa nyuma wa jinzi mimi nashona nikiwa nimefunga macho. Hizo sitini kwa saa mnajivunia ni za watoto wa nasari. Mimi nikiamua, mia inapita na bado nawaimbia."

Hayo aliyasema Nzilani Maluki kwa maikrofoni, siku ya sherehe ya kufunga mwaka, katika uwanja wa kiwanda kimoja cha nguo kule Ruiru. Kwapani alikuwa amebana blanketi alilotunukiwa kwa kuwa mshonaji bora, na maikrofoni ameishika kana kwamba ameizaa mwenyewe. Watu walipiga makofi. Laini ya nne, safu ya cherehani anakoshona yeye, walipiga vigelegele mpaka mpishi akasahau mbuzi motoni.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi, na si kwa wivu. Mikono yake ilikuwa na kazi: mmoja soda, mwingine kalamu. Huyo ni Dismas. Kazi ya Dismas kiwandani ni kusimama nyuma ya mtu na saa, kuona anashona vipande vingapi, kisha kupanda ofisini kuamua kila mtu atakuwa akishona vingapi. Kujigamba mbele ya mtu wa aina hiyo ni kama jogoo kujipaka chumvi mwenyewe na kuuliza sufuria iko wapi.

Januari walipofungua, tageti, ile idadi ya mifuko ya kufikisha kwa saa, ilikuwa imetoka sitini ikaruka hadi tisini na tano.

Tageti si ushauri. Ukiifikisha una bonasi. Usipoifikisha unabaki baada ya kengele hadi uifikishe, na huko kubaki hakulipwi, kwa maana ofisi inasema hiyo si ovataimu, ni kazi yako ya mchana uliyoilaza njaa. Kwa hiyo laini ya nne ikawa inatoka giza limeingia, watu wakishika ukuta kama wagonjwa, na Nzilani peke yake ndiye aliyekuwa akitoka na jua.

Wenzake hawakumtukana. Afadhali wangemtukana. Walimheshimu.

"Habari ya asubuhi, Madam Mia."

"Madam Mia, pita mbele, sisi watoto wa nasari tutakufuata."

"Leo unatuimbia wimbo gani, Madam?"

Nzilani alikuwa mtu wa kujibu. Alizaliwa upande wa Ithanga, kwa Kaluki, mwanamke ambaye angeweza kubishana na redio na redio ikanyamaza. Alikuja Thika kusomea kazi ya saluni, karo ikaisha kabla hajafika kwenye nywele. Akachuma kahawa kule Juja, akauza viazi karai Kiandutu, akapigiwa debe na binamu hadi kiwandani, akapanga chumba Mugutha. Kila mahali mdomo wake ulimtangulia kufika. Lakini kwa jambo hili mdomo uligoma, kwa sababu ya mtu wa cherehani ya kando yake.

Huyo ni Aoko, ambaye kila mtu humwita Mama Lynn. Ndiye aliyemfundisha Nzilani kushona mfuko, siku Nzilani alipokuwa kibarua anayeshika kitambaa kama anashika nyoka. Mama Lynn hushona sawasawa, bila haraka, na mfuko wake haurudishwi. Lakini tisini na tano? Tangu Januari alikuwa amepewa onyo mara mbili. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa Machi, na kila mtu alijua mwenye maonyo matatu haongezewi mwingine. Lynn alikuwa ameingia kidato cha kwanza mwaka huohuo.

"Mama Lynn, mimi sikujua," Nzilani alimwambia siku moja wakikunja aproni.

"Hukujua nini? Kwamba Dismas ana masikio?"

Wakati huo yunioni, chama cha wafanyakazi, ilikuwa imeingia Ruiru kwa miguu yote miwili. Mwakilishi wao kiwandani alikuwa Jeconia wa idara ya pasi, mtu wa kutoka magharibi, anayeongea polepole kama anayesoma tangazo la mazishi, lakini akimaliza unakuta umeshatia sahihi. Alikuwa ameandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi, na kisheria idadi ikifika hapo, mwajiri hana budi kuvuta kiti wazungumze. Mwenye kiwanda, Bwana Gachau, akavuta kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mteja ng'ambo ambaye mzigo ukichelewa hukata pesa, na ambaye hajawahi kuuliza stima ya Ruiru inapotea saa ngapi.

Walibishana, wakanywa chai, wakabishana tena. Mwishowe wakakubaliana tageti ipimwe upya, hadharani, mbele ya laini nzima.

"Lakini nachagua mimi wa kupimwa," Gachau akasema. "Nataka yule aliyesema mia."

"Sawa," Jeconia akajibu. "Ila apimwe siku nzima. Si dakika kumi."

Nzilani alipopewa habari, alienda akakaa kwenye ngazi za stoo. Akishona vile anavyojua, tisini na tano inabaki na Mama Lynn anaenda nyumbani. Akizubaa, je?

"Ukizubaa makusudi, Dismas ataona," Jeconia, aliyemfuata hapo, akamwambia. "Wewe utafutwa kwa mgomo baridi, na sisi tutaitwa waongo mpaka watoto wetu wazeeke. Shona kawaida, dadangu."

"Kawaida yangu ndiyo shida."

Mama Lynn alikuwa amesimama hapo, anamenya chungwa. "Hebu niulize. Wewe hunywa maji saa ngapi?"

"Maji gani?"

"Maji, Nzilani. Ya kunywa."

"Kazini sinywi. Nikinywa nitaenda choo. Na kile kibao unakijua."

Kibao walikijua wote. Kila laini ilikuwa na kibao kimoja cha mbao, cha kuvaa shingoni, na bila hicho kibao huruhusiwi kwenda choo. Watu arobaini, kibao kimoja. Ukitaka kwenda unangoja mwenzako arudi, na ukingoja, mifuko haikungoji. Kwa hiyo tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni Nzilani hakuwa akitia tone mdomoni. Uji wa saa nne alimpa jirani. Chakula cha mchana alikimeza akiwa amesimama.

Mama Lynn akaacha kumenya. Akaanza kucheka, kicheko cha chini kwa chini kinachotikisa mabega.

"Kumbe hiyo mia si mikono," akasema. "Ni figo."

Siku ya kupimwa ilifika na kiwanda kizima kilikuwa na homa. Wa idara ya pasi walichungulia, wa vifungo walisimama juu ya makreti, mlinzi akaacha geti. Dismas alikuja amenyoa, saa mkononi. Kengele ikalia.

Basi Nzilani akashona. Heri aliyekuwepo. Kitambaa kinaingia, kinageuka, kona, kona, kata uzi, kingine. Cherehani ilikuwa inanguruma kama pikipiki inayopanda mlima wa Gatundu. Hakuangalia mtu. Mifuko iliruka upande wa kushoto ikajipanga kama inaitwa majina. Watu walisahau kwamba wanapaswa kuomba ashindwe. Kijana mmoja wa vifungo alipiga mluzi, na hata Mama Lynn, ambaye mkataba wake ulikuwa unashonwa pale, alijikuta anatikisa kichwa kwa raha. Uhodari ni uhodari.

Saa ya kwanza ilipoisha Dismas akasoma: "Tisini na nane."

Hapo laini ya nne ikakumbuka ilichopaswa kuomba. Bwana Gachau akateremka kutoka ofisini na kikombe chake. Akasimama karibu na cherehani, akainama kidogo.

"Nzilani, bado mbili tu. Pita mia saa hii ya pili, hapa mbele yangu, na nafasi ya supavaiza iliyo wazi ni yako. Naongea mbele ya watu."

Supavaiza. Mshahara mara mbili, koti la buluu, na hakuna wa kukupima tena. Nzilani akajiona ndani ya koti hilo. Alijua anaweza. Kwa mara ya kwanza angewathibitishia wote, hadharani, kwamba ule mdomo wa Desemba haukuwa mdomo mtupu. Mbili tu.

Mama Lynn aliinuka, akaweka chupa ya maji kwenye kona ya meza ya Nzilani, akarudi kukaa.

Nzilani akaitazama chupa. Koo lilikuwa limekauka kama barabara ya Ithanga mwezi wa Februari. Akamtazama Gachau, akamtazama Dismas na kalamu yake.

Akafungua kizibo, akainywa yote. Watu walisikia glu, glu, glu mpaka ya mwisho.

Uji ulipokuja akanywa uji. Akaomba wa pili. Na kabla ya saa sita, kama ilivyo kawaida ya binadamu, akainua mkono kuomba kibao. Kibao kilikuwa na mtu. Akangoja.

"Nasimamisha saa," Dismas akasema.

"Saa haisimami," Jeconia akamwambia. "Cherehani ikitiwa mafuta huwa unaisimamisha?"

"Hiyo ni mashine."

"Basi huyu afadhali, yeye ameomba ruhusa."

Watu wakacheka, na Gachau mwenyewe akacheka ndani ya kikombe, kisha akapunga mkono. "Wacha iende. Tulisema siku nzima."

Nzilani alirudi akashona kwa nguvu zake zote, hakuna aliyeweza kusema anazubaa. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye aproni. Lakini sindano ikavunjika, fundi akaitwa, fundi alikuwa anakula. Bando za kitambaa zikachelewa kutoka kwa wakataji. Stima ikayumba. Akaenda kula, akakaa chini, akatafuna. Akanywa maji tena, akaomba kibao tena. Yote ambayo huwapata watu arobaini kila siku yakampata yeye mmoja, na Dismas, ambaye ni mtu mkali lakini si mwizi, akaandika yote.

Kengele ya jioni ikalia. Dismas akagawanya, akarudia kugawanya.

"Kwa saa, sitini na nane."

"Madam Mia," sauti ikatoka kwa wa vifungo, "na ile mia ilienda wapi?"

Nzilani akasimama, akanyoosha mgongo. Watu walikuwa wakingoja atafute pa kutokea.

"Mia ilikuwa mdomo," akasema. "Mikono ni sitini na nane. Na hiyo ni mikono yangu mimi, mshonaji bora wenu, wa blanketi. Kwa hivyo msijigambe sana."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Waliomwita Madam walimbeba.

Makubaliano yalitiwa sahihi wiki hiyo. Tageti ni sitini na tano. Anayebaki baada ya kengele analipwa ovataimu kama ovataimu. Kibao kimefutwa, anayetaka kwenda choo anaenda. Gachau alinung'unika, ila mzigo uliofuata haukurudishwa hata suruali moja, akaacha kunung'unika mbele ya watu. Mama Lynn alipewa mkataba wa mwaka mzima. Ile nafasi ya supavaiza ilienda kwa mwingine, mtu asiye na kiu.

Laini ya nne sasa kila cherehani ina chupa yake. Wamboi wa getini, aliyekuwa akiuza sigara na njugu tu, siku hizi analetewa maji kwa katoni. Chupa ya nusu lita alianza kuiuza shilingi ishirini na tano. Sasa ni thelathini na tano.