Masaa Matano Tu

Kila nikifukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni, moshi hunirudisha Kitengela, mwezi ule simu ya mama ilipozimwa. Alikuwa Riyadh, akifanya kazi za nyumba. Shangazi alitafuta safari hiyo kwenye simu yake: ndege, masaa matano.

"Masaa matano tu?" nyanya alisema. "Mimi nikileta ng'ombe kutoka Rombo ni siku sita. Huyo yuko karibu. Atakuja."

Akamwekea maziwa kwenye kibuyu. Mimi nilikaa langoni nikitazama kila ndege iliyoshuka. Maziwa yalipochacha alininywesha, akafukiza kibuyu, akajaza tena. Na tena.

Asubuhi moja alinipa kijinga.

"Fukiza wewe. Huu moshi unaniumiza macho."

Alikuwa amefukiza vibuyu maisha yake yote.