Wageni wa Baba na Chokaa ya Shule

Mawe ya kwetu Usambara hayana kitu ndani. Baba yangu alilisema hilo kwa masikitiko, kama mtu anayekiri mbele za watu kwamba ng'ombe wake hatoi maziwa. Unaweza kupasua mwamba kuanzia Soni mpaka Bumbuli usione hata alama ya jani. Milima hii ni mizee mno, alisema, ilikwisha pikwa huko chini kabla hakijatokea kiumbe cha kuzikwa ndani yake. Ndiyo maana mali yake yote ilitoka bondeni, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa karibu na Tanga. Alifanya kazi huko tangu enzi za Mwingereza mpaka bendera yetu ikapandishwa, na miaka kadhaa baada ya hapo, hadi kifua kilipomkatalia.

Alirudi kwetu, upande wa Mponde, na vitu viwili: kikohozi, na sanduku la mbao ambalo wanaume wawili walilibeba kutoka barabarani huku wakilaani. Mama alilifungua akidhani ni vyombo. Alipoona mawe alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Wenzako wanarudi na cherehani," alimwambia. Baba alitoa jiwe moja, akalipangusa kwa kiganja, akaliweka dirishani. Ndani yake kulikuwa na konokono wa baharini aliyejikunja kama pembe ya kondoo dume, mkubwa kuliko kiganja changu, na mikunjo yake ukiigusa kwa kidole unaihesabu.

Nilipokwenda chuo cha ualimu ndipo nilipojifunza kwamba vitu hivyo huitwa visukuku. Baba aliviita wageni. Alisema wametoka mbali kuliko Mzungu, kuliko Mwarabu, kuliko mtu yeyote aliyewahi kupanda mlima huu, na mgeni hatupwi nje. Bwana mmoja mpima miamba aliyepita machimboni ndiye aliyemfundisha kuwatambua. Nadhani yule bwana alimsahau baba yangu siku ileile. Baba hakumsahau maisha yake yote.

Kila Jumapili tukitoka kanisani alitoa mgeni mmoja. Mmoja tu, si wawili. Alimsafisha kwa sindano ya kushonea magunia, akikwangua udongo punje kwa punje, kisha kwa brashi aliyoifunga mwenyewe kwa katani, na maji ya uvuguvugu. Ingeweza kuchukua mwezi mzima kumtoa konokono mmoja kwenye jiwe. Akiridhika alimweka dirishani penye mwanga, akatoa kioo chake cha kukuzia alichokipata kwa fundi saa mmoja wa Tanga, akaniita: "Njoo umwamkie mgeni." Nami niliinama, nikafumba jicho moja, nikatazama. Sijawahi kuwa mtu wa kushangaa ovyo, hata utotoni. Lakini pale dirishani nilishangaa.

Nilikuwa na kama miaka kumi nilipomharibia mmoja. Nilimwona mama anasugua sufuria kwa limau zikang'aa, nikaona huu ndio ujanja, kuliko kukwangua na sindano mpaka Krismasi. Nikakamua limau juu ya kome mdogo. Akatoa povu. Nilifurahi kweli, nikamsugua tena, na nilipomsuuza mistari yake yote ilikuwa imelika, amebaki kama mbegu ya embe iliyonyonywa. Baba hakunichapa. Ingekuwa afadhali angenichapa. Alinikalisha karibu naye akasema, "Hawa ni chokaa tupu, mwanangu. Kitu kikali kinawala. Sasa umekwisha jua namna ya kuwaua, kwa hiyo ni kazi yako kuwalinda." Nikamwitikia, "Ndiyo, tate," kama tunavyomwita baba kwa Kishambaa, nikakimbilia kucheza.

Mama alifariki nikiwa chuoni. Nilipohitimu niliomba nipangiwe shule ya kijijini kwetu ili nimtunze baba, na nikapewa. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye mdomo. Nilivaa beji ya chama kifuani, niliimba nyimbo za kujitegemea kwa sauti kuliko wanafunzi, na mtu asipofika kazini nilimsema hadharani hata kama ni mzee wa kuamkiwa. Leo nikikutana na msichana wa namna ile njiani ninampisha apite na balaa lake.

Tukaanza kujenga madarasa mawili kwa msaragambo. Kwetu msaragambo unajulikana: pembe ikipigwa asubuhi kila nyumba inatoa mtu, na nyumba isiyo na mtu wa kubeba inatoa kitu. Jioni majina yanasomwa mbele ya wote. Baba alikuwa hawezi tena hata kupanda ngazi za kanisa, achilia mbali kubeba jiwe kutoka mtoni. Mimi nilikuwa darasani. Kwa hiyo kila jioni jina la baba lilisomwa, na kila jioni kukawa kimya kidogo baada yake. Hakuna aliyetukana. Kile kimya kilinichoma kuliko tusi.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni ukiiona unaimba haleluya. Saruji tulipata kidogo kwa kuhemea wilayani. Chokaa ya kupaka kuta hatukupata kabisa. Na mgeni rasmi alikuwa anakuja kufungua madarasa, kuta zikiwa bado na rangi ya udongo.

Wakati huohuo baba alizidiwa. Tulimpeleka hospitali kwa machela, vijana wanne wakipokezana kwenye utelezi, ukungu umetanda huoni aliye mbele. Kabla hawajamwinua alinishika mkono. "Chochote nilicho nacho wakikitaka wape," alisema. "Kitanda, shamba la chai, mbuzi. Sanduku, hapana." Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Alilazwa majuma matatu. Jumamosi nilikwenda kumwona, na Jumamosi ya pili hakunitambua. Muuguzi alinivuta pembeni akaniambia taratibu, "Mwalimu, jiandaeni." Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia mpaka nikachoka kulia. Nilipofika nilikunja blanketi lake nikaliweka juu ya kabati. Hilo tu lilitosha kunifanya nijishtukie, na sikujishtukia.

Jumatatu tukawa na mkutano. Alikuwepo fundi mwashi mmoja aliyewahi kuchoma matumbawe pwani, akasema angepata mawe ya chokaa angeyachoma kwa kuni za miti ya miwati na tungepata chokaa safi. Watu wakacheka: mawe ya chokaa milimani? Mwenyekiti akaanza kusoma majina ya waliotoa na wasiotoa. Alipofika kwa baba mtu mmoja akasema kwa utani, si kwa ubaya, "Aah, huyo mwache. Asiyekuwepo na lake halipo."

Nikasimama. Ninakumbuka mpaka kiatu nilichovaa. Nikasema, "La baba yangu lipo. Kwetu kuna sanduku zima la mawe ya chokaa."

Wakapiga makofi. Jamani, walipiga makofi! Mwenyekiti alinipa mkono. Fundi alikuja nyumbani jioni ileile na limau mfukoni, akakamua tone juu ya kome, nikaliona lile povu tena. "Chokaa hii, mwalimu," akasema, "tena ya daraja la juu." Nilimsaidia kubeba. Sikulazimishwa, wala sikuombwa mara mbili. Nilijiambia kwamba mzee anaondoka, mawe hayamfai tena mtu, na jina lake litakaa ukutani watoto wasome chini yake. Nilijiambia mengi mazuri. Uongo wa kujidanganya mwenyewe hauna mtu wa kukubishia.

Walichimba tanuu nyuma ya shule, wakapanga magogo na mawe, magogo na mawe, wakafunika, wakawasha. Liliwaka siku mbili. Lilipopoa nikaenda kutazama, na juu kabisa nilimkuta yule konokono wa pembe ya kondoo, mzima, hana hata ufa. Alikuwa mweupe pe, mzuri kuliko siku zote alizokaa dirishani. Moyo ukanilipuka kwa furaha. Nikamfunga kwenye khanga nikakimbia naye nyumbani kama mwizi. Nilisema, huyu amepona, huyu nitamzika baba naye. Waliobaki walimwagiwa maji, wakachemka, wakafuka mvuke, wakawa uji.

Ukuta wa mbele ulipendeza, siwezi kusema uongo. Sherehe iliangukia Jumamosi, kwa hiyo sikwenda hospitali, na mgeni rasmi alichelewa mpaka saa tisa, na ukungu ukawa umeshuka. Alihutubia kama robo saa. Akiwa jukwaani aliuliza madarasa yenyewe yako upande gani.

Siku nne baadaye baba alirudi, na kwa miguu yake mwenyewe. Alishuka kwenye basi, akaja na fimbo, akipumzika kila kona, na mtoto wa jirani akakimbia kuniita darasani. Nilimkuta amekaa kizingitini, amekonda, macho makubwa. "Shikamoo, tate," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Wamenishindwa hao," akasema, akacheka, akakohoa. Kisha akasema, "Leo si Jumapili, lakini niletee yule wa pembe. Nimemwota sana kule wodini."

Nikaingia ndani. Nilishukuru Mungu kwamba yule angalau ninaye. Nikaifungua khanga kitandani, na ndani yake mlikuwa na unga. Unga mweupe, kama wa muhogo, na vipande viwili vitatu vilivyovunjika nilipovigusa tu. Sikujua wakati ule kwamba jiwe la chokaa likishachomwa hunywa unyevu wa hewani likasagika lenyewe. Na kwetu hewa ni maji matupu. Nilikaa na ile khanga mapajani, na nje baba akaniita mara ya pili.

Nilitoka nayo wazi hivyohivyo nikaiweka mbele yake. Nikamweleza yote, tangu mkutano mpaka tanuu, sikuficha hata makofi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nipeleke."

Tulikwenda polepole. Watu walikuwa wanatoka kuchuma chai, wakamshangilia, pole mzee, hongera mzee, chokaa yako imetutoa aibu. Aliwajibu wote kwa adabu. Pale shuleni aliegemeza fimbo, akaweka kiganja ukutani, akakipitisha taratibu kutoka kona moja mpaka mlangoni, kana kwamba anatafuta mahali penye mikunjo. Kiganja kikawa cheupe. Akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ulikwisha nizika," akasema.

Nilipiga magoti palepale kwenye tope, mwalimu mzima, wanafunzi wakichungulia madirishani. Nikamwomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kishambaa. Aliniambia ninyanyuke, nguo zinachafuka. Hakunilaani. Hakunisema kwa ndugu, wala kwa mchungaji. Kwa kweli hakulitaja tena, na hilo ndilo lililonitesa, kwa maana mtu asiyekusema huna pa kumjibia.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Miaka sita ni Jumapili nyingi. Kila tulipotoka kanisani alikaa dirishani pake, akatoa kile kioo, akakipangusa kwa pindo la shati, akatazama kizingiti kitupu cha dirisha kwa muda, akakirudisha mfukoni. Nilimletea mawe. Nilishuka hadi Tanga likizo nzima nikaokota mfuko mzima wa kome, nikamwekea mezani. Alinishukuru, akasema ni wazuri. Hakumsafisha hata mmoja, na mfuko ule ulikaa chini ya meza mpaka panya wakautoboa.

Jumapili moja tu, karibu na mwisho wake, aliniita. Nilikuwa nimetoka shuleni kupanga madawati kwa ajili ya mkutano, na nilikuwa nimeegemea ule ukuta bila kufikiri, kwa sababu binadamu huzoea kila kitu. Nilipoingia akasema, "Simama hapo. Geuka." Nikageuka. Nikamsikia anatoa kioo mfukoni, anakipangusa, anavuta kiti. Bega la sweta langu jeusi lilikuwa limejaa chokaa. Aliinama juu yake, nikaisikia pumzi yake ile ya kukwaruza shingoni pangu, akatazama, akasogeza kioo, akatazama tena. Sikuthubutu kupumua. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na nilikuwa ninaomba kimoyomoyo, kama mtoto, aone hata mstari mmoja.

"Hamna mtu," akasema. Akanipangusa bega kwa kiganja, mara mbili, akakaa. "Haya, nenda kapike."