Bafle Niliunguza Mimi, Justin Akabeba Kosa

Kosa ni langu! Musitafute mwingine. Si courant ya umeme, si shetani, si Justin rafiki yangu. Ni mimi, huyu ambaye batoto ya darasa wananiitaga Radio, sababu mudomo wangu hauna bouton ya kuzima.

Sikieni vile ilikuwa. Tonton yangu, kaka ya mama, alileta ampli ya gitaa kutoka Bujumbura. Ampli ya lampe, ile yenye chupa za kioo zinazowaka ndani. Wati mia moja! Lakini ilifika kichwa tupu, bafle yake, ile sanduku ya kutoa sauti, ilivunjika mu barabara ya Kamanyola. Koo ya simba bila mudomo.

Sasa, baba yake Justin anapigaga gitaa ku ndoa. Bafle yake ni moja tu, nzee, anaitunza kuliko magoti yake. Kazi yake ni ile, jina yake ni ile. Siku moja akaenda Mumosho ku matanga, na sisi tulikuwa tunajitayarisha kwa fete ya masomo, sherehe ya shule yetu. Nikamusumbua Justin, nikamusumbua, mupaka akaitoa nyumbani kwa siri.

"Lakini usipandishe sauti," akaniambia. "Ona hapa nyuma, imeandikwa wati makumi tatu. Ampli yako itaiua."

"Sawa, docteur," nikamujibu.

Tukaunganisha mu darasa, batoto wakajaa. Na munajua courant yetu ya mangaribi! Taa ya darasa ilikuwa nyekundu kama tomate. Nikapiga gitaa, sauti ikatoka kama ya imbu ndani ya chupa. Watu wakaanza kuniuliza kama ampli imekula asubuhi.

Mimi nikasimama kama professeur. "Batu yangu, wati mia ya Ulaya ikifika Bukavu inabakia makumi tatu! Ingine courant imeshaikula mu njia!"

Wakacheka mupaka kupiga meza. Na mimi, mujinga, nikaamini kicheko yao kuliko maandishi ya nyuma ya bafle. Nikageuza bouton yote, mupaka mwisho.

"Shusha!" Justin akalia. "Courant ikirudia je?"

"Weye unaogopa kama maman anavuka Ruzizi na mayai ku kichwa!"

Wangali wanacheka, courant ikarudia. Yote! Taa ikawaka nyeupe, lampe za ampli zikapata nguvu, na mukono wangu ulishashuka ku nyuzi. Yesu wangu! Bafle ikalia kama mbuzi ya Noeli, kisha pfff. Kimya. Harufu ya kuungua ikajaa darasa. Ampli yenyewe haikupata hata kidonda, ilibakia inawaka tu.

Papa Justin, baba yake, akarudia kutoka matanga. Akakamata ile bafle, akasukuma karatasi yake na kidole, polepole, vile munganga anagusa tumbo ya mutoto. Haikutembea.

"Ni nani?"

Justin akaniangalia. Alingojea. Na mimi, mwenye mudomo ya kuuzisha, nikasema nini? "Papa, ni courant."

"Courant ilikuja na miguu kuchukua bafle mu nyumba yangu?"

Justin akainamisha kichwa. "Ni mimi, Papa."

Na mimi nikatikisa kichwa, kama mutu anayesikitikia mwenzake. Ah, ile kichwa! Ningeikata!

Mungefikiri imeishia pale. Hapana! Kulikuwa na ndoa Kamanyola, na Justin ndiye angepiga kando ya baba yake, mara ya kwanza. Tangu utoto alikuwa anangojea siku ile. Papa akaazima bafle kwa mwenzake, kisha akaniita mu lupango, uwanja wa nyumba yao. Justin alikuwa pale, anakunja nyaya.

"Wa kwangu hajakomaa," Papa akasema. "Utakuja weye. Weye angalau uko na akili."

Ilikuwa neno moja tu la kusema. Moja! Nikasema, "Merci, Papa."

Justin akaweka nyaya chini. Akanisindikiza mupaka ku mulango, sababu mama yake alimufundisha adabu. Akaniambia polepole, "Bafle niliitoa mimi, ile ni kosa yangu. Lakini ya kwako nilingojea useme."

Tangu pale alihama banc yetu, anakaa mbele na wale wa kuandika kila kitu. Nikitupa mchezo, darasa yote inacheka. Mugongo wake hautikisiki. Ndugu zangu, ninachekesha watu makumi ine na ninatamani kulia!

Kesho ni ndoa. Papa amesema nikuwe ku barabara asubuhi mapema, na gitaa. Nimejaribu kwenda kumuambia ukweli. Nikifika, ananiita "mutoto wangu", na mimi ninaulizia afya ya mbuzi zao. Hata mbuzi hawana!

Kwa hiyo, nyinyi munaopenda makelele, musome nyuma ya bafle mbele ya kuunganisha. Musidanganywe na courant dhaifu, itarudia siku yenye hauiiti. Na kama kuna mutu amebeba kosa yako, kimbia kwake leo, usingojee upate maneno mazuri. Mimi maneno mazuri nimeyaandika yote hapa mu gazeti ya masomo, hata yamenitoka vizuri, na Papa Justin hasomaki gazeti!