Rangi ya Chini ya Boti

Mtaani walimwita Mzee Kutu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimpelekea geti la kuchomelea, alikupa somo la kutu kabla ya kukutajia bei. Kwa miaka thelathini hakuna chuma kilichotoka kwenye karakana yake bila kupakwa rangi, hata kiti cha jirani kilicholetwa kuungwa mguu mmoja tu.

Basi kikundi cha kufufua mwamba kikamwomba fremu ishirini za nondo, za kuzamishwa baharini na kufungiwa vipande vya matumbawe vikue upya. Mwenyekiti, mkunga mstaafu asiyependa kurudia neno, alisema, "Chuma kitupu, fundi. Juu yake gundi na mchanga, basi."

"Sawa, mama," akaitikia. Moyoni alicheka. Chuma kitupu kwenye maji ya chumvi? Huyo mama angejua nini kuhusu kutu? Rafuni palikuwa na kopo la rangi ya chini ya boti. Akazipaka fremu zote mara mbili, bila malipo, kisha akazifunika kwa gundi na mchanga ili asiulizwe maswali.

Aliyefunga vipande alikuwa shemeji yake, mjane wa kaka yake. Alifunga kwa upole, kila kipande na fundo lake, huku amekaa ndani ya maji mpaka kifuani. Miezi miwili baadaye vipande vyote vikawa vyeupe, vimekufa. Wapiga mbizi walipoipandisha fremu moja, gundi ilikuwa imebanduka, na chini yake rangi nyeusi inang'aa, wakaidhani chuma kipya.

"Chuma cha fundi hakina kasoro," mwenyekiti akasema mbele ya watu. "Ni mikono iliyofunga. Dada, wewe kaa kwenye ndoo, uzioshe."

Tangu siku hiyo mama wa watu akawa anaosha ndoo za kubebea vipande ufukweni, wenzake wakiingia majini. Mzee Kutu alimwonea huruma, huruma isiyogharimu kitu.

Halafu wiki ileile mwenye boti mmoja akaja karakanani kuulizia rangi ya chini ya boti. "Kweli ukiipaka, boti haishikwi na magamba ya baharini?"

"Magamba?" Mzee Kutu akapiga kopo kofi. "Hata mwani hauthubutu. Ina sumu hii, chochote kinachoota kinakufa."

Akajisikia mwenyewe akisema. Alikuwa ameiuza rangi ile nusu ya umri wake, na haikuwahi kumpitia kichwani kwamba tumbawe nalo ni kitu kinachoota.

Ungedhani angekimbia ufukweni siku ileile. Wapi! Alijikausha miezi mitatu. Alijiambia kesho, kesho ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa baada ya mvua. Akipita ufukweni alimwona shemeji ameinama kwenye ndoo, na shemeji alimsalimu vizuri kama kawaida. Salamu ile ilimchoma kuliko cheche. Alikuwa mwoga, na alijua ni mwoga.

Siku ya kuagiza fremu mpya aliingia mkutanoni na kopo mkononi, akaliweka mezani.

"Fremu zenu nilizipaka hii," akasema. "Mliniambia nisipake, nikapaka. Inaua kila kinachoota. Shemeji hana kosa. Nimejua tangu miezi mitatu iliyopita."

Mwenyekiti alisoma maandishi ya kopo, akayasoma tena, kisha akamgeukia mjane. "Nilikuonea. Fundi naye alikuonea. Sema lolote unalotaka, tunastahili."

Shemeji alikuwa mlangoni, kitambaa cha ndoo mkononi. Hakupandisha sauti.

"Mimi niliamini ni mikono yangu," akasema. "Mtu ameshika vitu hai mia mbili na vyote vimekufa, ataamini nini? Binti yangu alijifungua mwezi uleule mlionitoa majini. Kila akinipa mtoto nimwogeshe, nasema mgongo unauma." Akaitazama mikono yake. "Mjukuu wangu ana miezi mitatu, shemeji. Sijamshika hata siku moja."

Mzee Kutu akasogea kumwomba msamaha. Shemeji akaanika kitambaa, akafuta mikono kwenye khanga yake, akatoka akielekea kwa binti yake bila kumngoja mtu.

Nje ya mlango ndoo saba zilikuwa bado hazijaoshwa. Mzee Kutu akavuta kigoda cha shemeji, akakaa, akaanza na ya kwanza.