Kitako cha Mervyn Gittins

Mervyn Gittins alipoanza kukosa visahani, mkosaji nilikuwa mimi. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, tena mbele ya watu. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kibanda cha mtambo wa kurusha visahani vya udongo katika chama chetu cha kulenga shabaha hapa Hopebrook, hatua chache tu kabla Uingereza haijaisha na Wales kuanza. Nimekaa humo miaka kumi na tisa, na kabla ya Mei ile hakuna aliyewahi kulalamika.

"Denzil, springi yako imelegea," akaniambia. "Visahani vinatoka vinayumba kama vimelewa."

"Springi ni mpya, Mervyn. Niliifunga juzi."

"Basi umeifunga kinyume."

Siku hiyo alikuwa amegonga visahani vitatu kati ya ishirini na vinne. Nilinuna wiki nzima, na sina haya kulisema hilo, maana hakuna kitu kinachoniudhi kama kusingiziwa springi.

Lakini ili ujue kwa nini watu wazima walisimama wakimtazama mzee wa miaka sitini na minane akikosa, inabidi umjue Mervyn ni nani. Ni mtu mfupi mwenye masikio makubwa, hufunga tai hata anapolisha kuku. Kazi yake ni kupinda vitako vya bunduki, ule ubao unaoegemezwa begani. Bunduki zenyewe ni zile za zamani, zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu na vifyatulio viwili, kimoja kwa kila mtutu. Sisi huziita pacha. Za kisasa mitutu yake hupandana, mmoja juu ya mwingine, na kifyatulio ni kimoja. Ni nzito, hazichoki, hazikosei, na mimi binafsi ninayo moja ambayo siijutii hata kidogo.

Ajabu ni kwamba vijana wenye hizo za kisasa ndio wanaozikimbilia pacha. Wanatoka mijini na magari yanayong'aa, wamenunua mnadani bunduki iliyotengenezwa kabla babu zao hawajazaliwa, na wanaishika kama wamekabidhiwa mtoto mchanga. Ukiwauliza wamependa nini, wengine watakuambia ni nyepesi, wengine michoro ya maua kwenye chuma, wengine watatabasamu tu. Mervyn anasema wamependa kitu kimoja ambacho hawajui kukitaja: bunduki hiyo inaweza kupindwa ifanane na mtu. Mabega hayalingani, shingo hazilingani, wala macho. Ubao wa mjozi ukipashwa moto kwa mafuta, unakubali kwenda kushoto au kulia kiasi cha upana wa kidole, na ukipoa unabaki hapo miaka hamsini.

Kabla hajagusa kitako, Mervyn humpima mteja macho. Anamsimamisha mbele yake na kumwambia, "Ninyooshee kidole puani kwangu, macho yote mawili wazi." Kisha anaangalia kidole kimelala chini ya jicho lipi la mteja. Hilo ndilo jicho linalotawala, na bunduki lazima ikae upande wake, la sivyo utapiga hewa mpaka uzeeke. Amewafanyia hivyo watu wa mabonde matatu. Amemfanyia kasisi, amemfanyia daktari wa ng'ombe, na mimi pia alinifanyia, akaniambia nina macho ya kondoo.

Bunduki yake mwenyewe ilikuwa pacha ya mwaka 1911 aliyoachiwa na baba yake, Ivor, ambaye naye alikuwa mpinda vitako. Ivor ndiye aliyempindia Mervyn alipokuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu siku hiyo haikuguswa tena. Kila mwaka tuna Siku yetu ya Pacha, Jumapili ya kwanza ya Septemba, ambapo hupigwa kwa bunduki hizo za zamani tu. Sasa baada ya ile aibu ya Mei, Mervyn alitangaza pale kwenye hema la chai kwamba kama siku hiyo hatafikisha nusu, yaani visahani kumi na viwili, ataipeleka bunduki mnadani.

"Sitabaki nayo nikiitolea vumbi," alisema. "Bunduki isiyopigwa inakufa, na mimi siwezi kuishi nyumba moja na maiti ya baba yangu mara mbili."

Alisema kwa mzaha, lakini mkono wake ulikuwa unapapasa kitako. Tulijua anamaanisha. Nilisahau kununa kwa dakika kama mbili.

Mwezi Juni akabadilisha miwani. Akakosa. Akabadilisha risasi, akalaumu upepo, akalaumu mti mmoja uliosimama pale tangu enzi za babu zetu. Halafu akarudi kwenye springi yangu.

Aliyemnyamazisha ni Hester Beddoes. Hester anaendesha lori la maziwa, ana miaka arobaini na minne, na mwaka mzima hutushinda sote kwa bunduki yake ya kisasa. Ila kwenye Siku ya Pacha hubeba ya bibi yake, ambayo Mervyn alimpindia akaifanya kama imeota mwilini mwake. Jumamosi moja ya Julai, Mervyn alipomaliza kukosa, Hester akamzibia njia akiwa na pai ya nguruwe mkononi.

"Mervyn, hebu ninyooshee kidole."

"Kidole cha nini?"

"Puani kwangu. Macho yote mawili wazi."

"Usinifundishe kazi yangu, binti."

"Sikufundishi. Nakufanyia kazi yako bure, na wewe hujawahi kumfanyia mtu bure."

Watu wakacheka. Mervyn akakataa, akanywa nusu glasi ya saida, ile pombe ya matufaha, akakataa tena, kisha akanyoosha kidole ili tu wamwache. Hester akafumba jicho moja, akatazama, akaacha kutafuna. Mervyn akamwona usoni. Uso ule aliufahamu, maana ni ule ule ambao yeye mwenyewe amewaonyesha wateja maelfu kabla ya kuwapa habari mbaya.

"Kushoto?" akauliza.

"Kushoto kabisa, mzee. La kulia limeshaacha kazi."

Mtu aliyepima macho ya watu miaka hamsini hakuwa amepimwa na yeyote tangu Ivor. Alienda kukaa garini. Nilimhurumia sana, ingawa ilinipendeza pia kwamba springi imeachiwa huru.

Daktari wa macho alisema jicho la kulia limechakaa kwa nyuma, na hakuna miwani wala upasuaji wa kulirudisha. Ilibaki njia moja: Mervyn ajifunze kupigia bega la kushoto kama mtoto anayeanza, na kitako cha Ivor kipindwe kutoka kulia hadi kushoto. Kwa bunduki ya mtu mwingine angefanya kabla ya chai. Kwa hii alisita wiki mbili. Ubao wa zaidi ya miaka mia unaweza kupasuka hapo shingoni, ulipo mwembamba, na ukipasuka ndiyo basi.

Asubuhi moja akanipigia simu. "Njoo unishikie birika," akasema, akakata.

Mervyn haombi radhi. Anakupa kazi. Nilikwenda.

Nilimkuta amekibana kitako kwenye chuma chake chenye skrubu, shingo imefungwa vitambaa. Alikuwa ameng'oa lile bamba la pembe linalofunika mwisho wa kitako, akawa amesimama tu. "Soma," akaniambia. Kwenye ubao, pale ambapo hakuna anayeangalia, palikuwa na maandishi ya penseli, mistari mitatu. Wa kwanza ulisema: Bw. Corfield, kushoto, 1911. Wa pili, kwa mkono mwingine: Mimi, kulia, 1948. Wa tatu, kwa mkono huo huo wa pili: Mervyn, kulia, 1970.

"Sikujua," alisema. "Ilizaliwa ya kushoto. Baba ndiye aliyeileta kulia."

"Basi inajua njia ya kurudi."

"Mbao hazijui kitu, Denzil. Mimina."

Nikamimina mafuta ya kitani yenye moto juu ya vitambaa, pole pole, yanachuruzika kwenye beseni, naye anageuza skrubu robo kwa robo. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai. Robo ya sita pakalia tak. Tuliganda wote wawili. Mimi nilishaanza kutafuta maneno ya kumpa pole. Mervyn akainama, akapitisha ukucha shingoni, akachomoa kipande cha vanishi kavu kidogo kama ganda la punje ya mchele; ubao wenyewe ulikuwa mzima. Akakaa chini kwenye ndoo ya chakula cha kuku, akacheka hadi machozi yakamtoka, nami nikacheka naye.

Siku ya Pacha ilikuja na jua. Visahani ishirini na vinne, vinarushwa viwili viwili. Mervyn akaingia uwanjani, akaita, na kwa mazoea ya zaidi ya miaka hamsini akapachika bunduki bega la kulia. Kitako kilichopindwa kushoto kikamgonga shavu, akapiga mawinguni mara mbili.

"Bega lingine, mzee," Hester akamwambia taratibu. "Lile la upande wa moyo."

Watu wakavunjika mbavu, na yeye pia. Kuanzia hapo akawa anapachika kushoto, kwa uzito, kama mtu anayevaa koti la mwenzake. Akagonga, akakosa, akagonga. Jozi ya mwisho ilipofika alikuwa na kumi na moja, na uwanja mzima ulikuwa unahesabu naye.

Nitakiri jambo. Mkono wangu ulikuwa kwenye springi. Ningeweza kuilegeza kidogo, visahani vikatoka vivivu kama chapati, asijue mtu. Lakini Mervyn angejua, na kwa mara ya kwanza angekuwa na haki ya kunilaumu. Nikaiacha ilivyo.

"Vuta," Mervyn akaita.

Vikaruka. Kifyatulio cha mbele, akakosa. Kidole kikateleza hadi kwenye cha nyuma, kisahani kikiwa tayari kinaelekea kwenye miti, na kikapasuka kikawa vumbi jeusi.

Hester ndiye aliyeshinda siku ile, lakini hakuna aliyekumbuka kumpa kikombe mpaka jioni. Mervyn alikwenda moja kwa moja kwenye hema la chai, akatoa bisibisi mfukoni, akang'oa bamba la kitako palepale kati ya sahani za keki. Penseli ilikuwa nyuma ya sikio tangu asubuhi. Alikuwa amekataa kuandika kabla ya kugonga. Akaandika, akapuliza, akanipa mimi.

"Jicho langu halioni vitu vya karibu," alisema. "Nisomee, nione kama panasomeka."

Chini ya mwandiko wa baba yake palikuwa na mstari wa nne: Mervyn tena, kushoto. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, mahali ambapo bamba litapafunika labda miaka mia nyingine, alikuwa ameongeza: Springi ya Denzil ilikuwa nzima.

Nilisoma moyoni mara mbili. Akaninyang'anya bunduki, akakaza skrubu zote mbili, akauliza kama chai imebaki.